Kiti Kilichogawiwa Karata

"Laki nne na elfu themanini," alisema mjane. "Sikuombi mchango, mdogo wangu, wala sadaka. Nataka hela za mume wangu."

"Kwani nani kakataa, dada?" Fundi hakuinua macho. Alikuwa anachanganya karata. "Nimekwambia mchezo haujaisha."

"Mchezaji amekufa!"

"Mchezaji amekufa. Mchezo haujafa."

Dereva akacheka. Ndiye aliyebeba jeneza la marehemu upande wa kichwani, akalia mpaka makamasi yakamfika mdomoni, na sasa anacheka. Mtu wa tatu mezani, Kinyozi, alijifanya anakagua kucha zake.

"Shemeji," Dereva alisema, "kanuni ni kanuni. Hata angekuwa baba yangu."

"Wewe baba yako ungemuuza kwa kilo."

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, kipimo cha mkanda kikining'inia shingoni. Yeye ndiye aliyekuwa anashona vitambaa vya makochi katika karakana hiyo ya mdogo wake, mbele, karibu na barabara. Chumba hiki cha nyuma kilikuwa cha sponji, gundi na mbao, chenye bati juu na dirisha lisilofunguka, na kila Jumapili mchana karakana ikifungwa kiligeuka chumba cha kamari. Meza moja ya plaiwudi, viti vinne. Walichezea vifungo vya makochi, vile vya kuvishwa kitambaa: chekundu elfu kumi, cheusi elfu moja. Hela taslimu zilikaa kwenye droo ya meza, na ufunguo ulikaa shingoni kwa Fundi.

Kiti cha nne kilikuwa kitupu. Mbele yake fungu la vifungo lilikuwa limesimama vilevile kama marehemu alivyoliacha.

Kanuni waliiweka wenyewe. Hela ikishaingia mezani haitoki mpaka mchezo ufungwe kwa mdomo, tena kwa kauli ya wote. Na asiyekuwepo anagawiwa karata kama aliyepo. Zamu yake ya kuweka dau la lazima ikifika, linachotwa kwenye fungu lake, na karata zake zinatupwa. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyekwenda chooni. Sasa walitaka kuitumia kwa mtu aliyekwenda kaburini, wamlambe kidogokidogo, zamu kwa zamu, mpaka fungu liishe, na dada wa mtu akilia aambiwe ni kanuni. Wizi wa kupiga mtu kabali gizani una heshima kuliko huo. Kabali angalau unauhisi mkono.

"Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi," mjane alisema kwa sauti ya chini. "Ile ilikuwa kodi yetu. Wewe unajua. Alikuja nayo hapa kwa ujinga wake, Mungu amsamehe, lakini hajaipoteza. Ipo pale. Naiona kwa macho."

"Kashone, dada," alisema Fundi. "Kochi la watu linasubiri."

Mjane akarudi mbele. Cherehani ikaanza kulia, kwa hasira, kama bunduki.

Marehemu walimwita Kimya, kwa sababu uso wake haukuwahi kusema kitu. Alikuwa karani wa ghala, na karata alizicheza kama anavyohesabu magunia. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mtu anapewa karata mbili anazozitazama peke yake. Wawili, kwa zamu, wanalazimika kuweka dau kabla hawajaona chochote, ili pawe na kitu cha kugombania. Kisha, kabla zile tatu za katikati hazijafunuliwa, kila mmoja anasema lake: anatupa, anafuata dau, au anapandisha. Kimya alikuwa akimwambia mkewe kuwa mchezo wote uko hapo. "Zile tatu zikishafunuliwa, kila mpumbavu ana macho," alisema. "Kabla hazijafunuliwa, unamsoma mtu." Dereva akiwa hana kitu husema sana, akiwa na wafalme wawili hunyamaza kama yuko msikitini. Kinyozi hufuta kiganja kwenye paja kabla ya kufuata dau. Fundi hulamba kidole gumba.

Siku aliyokufa, Kimya aliinua pembe za karata zake mbili, akazitazama, akazilaza. Zamu yake ikafika. "Unasemaje?" wakamuuliza. Hakusema. Wakadhani ni mtego wake wa siku zote. Wakamkodolea macho usoni, wakitafuta alama, jicho, koo, mshipa wa shingo, na kwa kitambo kirefu cha aibu wanaume watatu wazima wakawa wanamsoma maiti.

Mate yalipomtoka ndipo walipoelewa. Na hata hapo Fundi alimtupia karata zake kwanza, wakamaliza ile duru, ndipo wakaita gari.

Sasa Fundi akagawa. Mbili kwa Dereva, mbili kwa Kinyozi, mbili kwake, na mbili kwa kiti kitupu.

"Fundi," alisema Kinyozi, "hicho kiti sponji yake imekufa?"

"Sponji gani ife? Nimeijaza mwenyewe juzijuzi."

"Hebu tazama."

Fundi akainama. Kalio la kiti lilikuwa limeshuka katikati, mabonde mawili ya mapaja, kama linavyoshuka chini ya mtu mnene. Akabonyeza ukingoni, sponji ikarudi juu vizuri. Akapeleka kiganja katikati. Palikuwa na joto. Joto lenye unyevu, kama kiti cha basi ulichoachiwa na mtu aliyetoka jasho la homa. Akautoa mkono haraka akaufuta kwenye suruali, kisha, kama tunavyofanya wote ingawa hakuna anayekiri, akaunusa. Ilikuwa harufu ya tambara la deki lililosahauliwa ndani ya ndoo.

"Gundi," akasema. "Gundi ya bei rahisi, kwenye joto inatoa maji."

"Gundi inanuka hivyo?" Dereva akauliza.

"Wewe unajua gundi au unajua matairi? Cheza."

Dereva akapandisha dau, elfu kumi. Alikuwa anasema sana, maana yake hana kitu. Kinyozi akatupa. Fundi akatupa. Kikabaki kiti.

"Hayupo," alisema Fundi, akanyoosha mkono azitupe karata za kiti.

Hazikutoka. Zilikuwa zimeshika meza kama zimegandishwa. Na pembe zake mbili zilikuwa zimekunjika juu kidogo, vile zinavyokunjika mtu anapozichungulia kwa kidole gumba. Fundi akavuta tena. Ukucha wake ukateleza juu ya kitu chepesi cha mafuta. Kabla hajasema neno, kifungo chekundu kikatoka kwenye fungu la marehemu, polepole, kikiacha nyuma yake mchirizi kama wa konokono, kikasimama katikati ya meza. Kikafuata kingine. Na kingine.

"Amepandisha," Kinyozi alinong'ona.

"Nani amepandisha?"

"Sijui mimi! Wewe hesabu! Ni elfu thelathini!"

"Dereva, acha upuuzi. Unavivuta kwa uzi."

"Mikono yangu hii hapa," alisema Dereva, na mikono yake ilikuwa juu, hewani, kama mtu aliyekamatwa. "Natupa. Sikia, natupa. Chukua, bwana, chukua."

Vifungo vikarudi kwenye fungu la kiti, na kimoja cha Dereva katikati yao.

Kinyozi akasimama. "Mimi naenda nyumbani."

"Nenda," alisema Fundi. Midomo yake ilikuwa imekauka lakini akili ya tamaa haikauki. "Zako zinabaki mezani. Utagawiwa kama aliyepo. Kanuni ni kanuni."

"Basi tufunge mchezo."

"Tukiufunga, hela zake zinakwenda kwa dada. Na zenu nilizokula mimi mwezi uliopita, mnaziacha? Haya, nani anasema tufunge?"

Kinyozi akamtazama Dereva. Dereva akatazama vifungo vyake. Kinyozi akakaa, akafuta kiganja kwenye paja.

Mtu anaweza kuzoea chochote, hata kinyesi, ikiwa kuna hela chini yake. Jumapili iliyofuata walirudi. Kiti kilikuwa bado kimeshuka. Nzi watatu walikuwa wanatembea ukingoni mwa kalio lake, hawaingii katikati. Wakakigawia.

Shida yao ilikuwa hii: utamsomaje asiye na shingo? Kiti hakina jicho la kupepesa, hakina mguu wa kutikisa. Kilipandisha, kikafuata, kikatupa, na mara zote kilikuwa kama kinajua wenzake wameshika nini. Dereva akidanganya, kinamfuata. Dereva akinyamaza na wafalme wake, kinatupa upesi, karata zinateleza zenyewe kwenda kwenye rundo, zikiwa na majimaji. Baada ya saa nzima Kinyozi, ambaye kazi yake ni kukaa karibu na vichwa vya watu, akaomba wasimame kidogo.

"Harufu," alisema.

"Tumeizoea."

"Hapana, sikilizeni. Haiko sawasawa wakati wote. Kikipewa karata mbaya, kinanuka tambara. Kikipewa nzuri, kinanuka nyama. Nyama iliyolala. Mara nne nimehesabu."

Fundi akalamba kidole gumba akagawa. Na karata zilipotua mbele ya kiti, Dereva aliinama, akapeleka pua yake mpaka karibu na kitambaa, akavuta pumzi.

"Nyama," akasema, macho yakimtoka machozi.

Wote watatu wakatupa.

Duru iliyofuata Kinyozi ndiye aliyenusa. "Tambara." Fundi akapandisha dau, kiti kikatupa. Wakacheka kama watoto. Duru nyingine, Fundi mwenyewe. Waliinama kwa zamu, kisha wakaacha zamu, wakawa wanainama wote pamoja, matako juu, pua chini, wakivuta pumzi ndefu juu ya kalio lile lenye joto, na mmoja akiinuka akiwa na alama ya unyevu kwenye ncha ya pua hakuna aliyemwambia jifute, kwa sababu kila mmoja alikuwa nayo.

Hivyo ndivyo mjane alivyowakuta alipokuja kuchukua mkasi.

"Mnanusa nini?"

Waliinuka haraka. "Springi," alisema Fundi.

"Springi inanuswa?"

"Dada, kazi ya watu usiyoijua—"

"Naijua kazi hii kabla hujaota meno. Sijawahi kuona fundi ananusa makalio ya kiti kama mbwa." Kisha harufu ikamfikia. Akarudi nyuma, mkono mdomoni, na uso wake ukabadilika. Akaona karata mbili mbele ya kiti cha mumewe. Akaona bonde la sponji. "Mmemkaribisha nani hapo?"

"Hakuna mtu."

"Ndiyo maana nauliza." Hakupiga kelele. "Mume wangu alikuwa mwembamba. Nani huyo amekaa?"

Akatema mate chini, karibu na viatu vya mdogo wake, akaondoka bila mkasi.

Jumapili mbili walivuna. Fungu la kiti likapungua kwa kunuswa. Hofu iliondoka ikaiachia tamaa kiti chake. Lakini walikuwa wameanza kuoza bila kujua. Wateja wa Kinyozi walianza kugeuza shingo anapowainamia. Mke wa Dereva alihamia chumba cha watoto. Fundi alikuwa anapiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu, na bado, akiongea na mteja, mteja alirudi hatua nyuma, akasema atapita kesho.

Kisha ikaja duru ile.

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya bati na bati linalia tatatata kama mafuta ya kukaangia. Fundi alichungulia pembe za karata zake: ree ya kopa, ree ya shupaza. Ree mbili. Katika mchezo huu hakuna jozi ya mwanzo inayozidi hiyo. Ndiyo karata ambayo mtu huisubiri mwaka. Na alikuwa wa mwisho kusema, mahali pazuri kuliko pote, maana unasema ukiwa umeshawasikia wenzako wote.

Kiti kilianza. Kilipandisha: vyekundu vitano, mfululizo. Dereva hakusema neno. Alinyamaza kama yuko msikitini, akasukuma vifungo vyake vyote katikati. Kinyozi akafuta kiganja, akafuta tena, akasukuma vyake. Hao wawili walikuwa wameshanusa.

Fundi akainama kunusa.

Hakukuwa na harufu.

Si tambara, si nyama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alisikia harufu ya mbao zake mwenyewe, ya gundi yake, ya kitambaa kipya kinachofunguliwa kwenye karatasi. Kiti kilikuwa safi kama kimetoka dukani. Akavuta pumzi mara ya pili, ya tatu, na moyo ukamruka kwa furaha: tambara ni karata mbaya, basi hii bila kitu ni chini ya mbaya, huyu hana chochote, huyu anadanganya, leo amepatikana. Akasukuma vyote. Akasukuma na vile alivyovuna kwa wiki mbili, na hakubakisha hata cheusi kimoja.

Fungu la kiti likateleza lote katikati, kwa mara moja, kwa sauti ya kitu kinachoburutwa matopeni.

Na ndipo Fundi, aliyekuwa ameufungua mdomo wake acheke, alipojua ile harufu ilikuwa imekwenda wapi, kwa sababu ilikuwa haijaondoka chumbani hata kidogo, ilikuwa imehama tu, ilikuwa juu ya ulimi wake na nyuma ya meno yake na kwenye mate aliyokuwa ameyameza tangu asubuhi, na alipomtazama Dereva akamwona naye ameshika koo, na Kinyozi naye ameziba pua zake asijue kwamba anazibia harufu ndani, na akaelewa, kama mtu anavyoelewa akiwa ameshaanguka ngazi na bado hajafika chini, kwamba Jumapili zote hizo walizodhani wanakisoma kiti, kiti ndicho kilichokuwa kinawasoma wao, kwa kuwafundisha kunusa, kikiwapa kidogo na kidogo, mpaka kikajua siku gani watainama wote watatu na kusukuma vyote bila kuuliza.

Karata za kiti zikajigeuza zenyewe. Saba na mbili. Jozi mbovu kuliko zote za kuanzia, ambayo hata mlevi huitupa. Juu yake zilikuwa na nywele, nyembamba, zilizolowa, zimelala kama kwenye sabuni ya bafuni.

"Funua," alisema Dereva kwa sauti ya mtoto.

Fundi akafunua zile tatu. Saba. Mbili. Saba.

Kiti kikawa na saba tatu na jozi ya mbili, na karata mbili za mwisho zilizofuata hazikumwokoa mtu. Ree zake zilikuwa zimelala pale, nzuri, hazina maana.

Kiti kikacheua. Kilicheua kwa muda mrefu, kwa raha, kama mtu aliyeshiba kwenye nyumba ya watu, na mvuke wa pumzi hiyo ukawapiga usoni wote watatu. Dereva akaanguka kwa magoti akatapika, na alichotapika kilikuwa vipande vya sponji ya njano, ya zamani, ile inayotolewa ndani ya makochi yaliyokojolewa na vikongwe na watoto, na kila kipande kilikuwa na nywele zilizokisokota. Alivuta unywele mmoja kwa vidole ukawa unaendelea kutoka. Kinyozi akapiga yowe. Ndipo mjane alipokuja mbio.

Hakuuliza kitu. Alikwenda mtaa wa pili akarudi na Mfukizaji, mwanamke mnene mwenye hasira, ambaye watu humwita nyumba inaponuka bila sababu. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mtandio puani, akatazama meza, akatazama kiti.

"Mnakigawia tangu lini?"

"Tangu shemeji afe," Fundi alisema, akiongea kupitia kiganja.

"Kwa nini?"

Fundi akaushika ufunguo wa droo shingoni.

"Jibu, usinipotezee muda. Kwa nini?"

"Ili wamalize hela yake bila kunipa," alisema mjane.

"Aa." Mfukizaji alitikisa kichwa kama anayeona choo kimeziba. "Mlitenga kiti, mkampa karata, mkamwekea dau. Sasa mnataka nimfukuze kwa nini, kwani amevunja mlango? Mgeni wenu huyo. Anacheza kwa kanuni kuliko nyinyi."

"Bibi, tusaidie tu," Kinyozi alilia.

"Fungeni mchezo. Kwa mdomo, wote. Kisha kila mtu achukue kilicho chake, asizidishe. Mwanamke achukue alichoacha mumewe. Nyinyi watatu mmeshindwa, hamna chenu. Kilichobaki ni cha huyo aliyekaa. Mkichome pamoja na kiti, noti na mbao, na mtu asibaki na hata moja mfukoni."

Wakaufunga mchezo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti za kukwama. Fundi akafungua droo. Mjane akahesabu laki nne na elfu themanini mbele ya wote, akazifunga kwenye kanga. Zilibaki laki tisa.

"Shemeji, chukua zote," Dereva alisema. Alikuwa bado anajifuta kidevu. "Kiti cha mumeo ndicho kilichoshinda. Haki yako."

Mjane alizitazama. Ilikuwa kodi ya miaka. Ilikuwa cherehani yake mwenyewe, na mlango wake mwenyewe wa biashara, na kutomwona tena mdogo wake huyu mwenye sura ya panya. Akazitazama kwa muda, hakuna atakayesema hakuzitaka.

"Mume wangu aliacha laki nne na themanini," akasema. "Hizo nyingine hakuzicheza yeye."

Akaondoka na Mfukizaji. Kiti kilichomwa uani jioni ile ile. Fundi alikivunja kwa nyundo, akamwaga petroli, na mbele ya Dereva na Kinyozi akatupa bahasha nene motoni. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, ukatambaa chini badala ya kupanda. Wenzake wakaenda zao. Kinyozi hakushika tena karata, na Dereva alirudi kulala na mkewe.

Mjane alilipa kodi. Alipata kazi kwa fundi mwingine, upande wa pili wa soko, na siku moja mchana alikuwa nyumbani anapika alipobishiwa hodi.

Fundi alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni. Alikuwa amekonda, na shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona hivyo?"

"Nimekuja kukusalimia tu. Watu wa damu moja hatuwezi kukaa hivi, sivyo? Nimefikiri sana. Nimekosa. Hata mama angekuwepo angenilaumu. Halafu nikasema, ngoja nimpelekee dada kitu kidogo anishikie. Wewe ndiye mwaminifu, wote wanajua." Alikuwa anasema sana. Akatoa bahasha. "Nishikie tu. Wiki moja. Hata ukitumia kidogo, si neno."

Mjane hakuipokea. Aliishi miaka mingi na mtu aliyesoma watu kwa kazi. Hakuitazama bahasha, alimtazama mdogo wake. Mkono ulionyooka kupita kiasi. Miguu iliyokwisha kugeukia mlango. Na kifuani, chini ya shati lililolowa, nyama ilikuwa imezama, mabonde mawili mapana, kama sponji chini ya mtu mnene, na pumzi yake ilipoingia mabonde hayo hayakuinuka.

"Ulichoma nini siku ile?" akauliza.

"Dada—"

"Ulichoma nini?"

"Mabaki ya kitambaa." Akaanza kulia. "Laki tisa, dada! Nani anachoma laki tisa? Nilitaka kuzirudisha. Nimechoma hizi mara mbili, asubuhi nazikuta mezani zimelowa. Anazitaka kamili. Na mimi nilishanunua sponji na velveti, zimebaki laki saba. Zishike wewe. Ukizishika ni zako, atakuja kwako, wewe hukumkosea, hatakufanya kitu."

"Atakuja kwangu," mjane alirudia. "Na hilo ulilifikiri njia nzima, ukasema sawa, ni dada tu."

"Nisaidie!"

"Sichezi," alisema mjane. "Toka na bahasha yako."

Fundi akavua kitambaa ili ambembeleze. Ufizi ulikuwa mweusi, na nywele nyembamba zilizolowa zilikuwa zimeota katikati ya meno. Alifungua mdomo, na ulimi ukamlala. Midomo yake ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, kama ya mtu anayejaribu viatu vya mwenzake, na sauti iliyotoka ilikuwa nene, imeshiba, haina haraka.

"Laki tisa," ilisema. "Kamili. Nipe zangu."